La Bati au la Turubai

Kuna kazi ukiziacha, zenyewe hazikuachi. Mwalimu mstaafu atakusahihisha hata salamu. Askari mstaafu atakuuliza unatoka wapi kabla hajakupa mkono. Sasa huyu bwana wetu aliendesha gari la maiti tangu ndevu zake ni nyeusi tii mpaka zikawa nyeupe pe, na ukisikia maiti usikunje uso ukadhani nakuletea habari za kilio. Habari yenyewe ni ya kununua gari. Tena gari la fahari, la milango miwili, lile ambalo vijana wakiliona barabarani wanageuza shingo.

Mtaani alijulikana kwa jina la Taratibu. Jina hilo walimpa madereva wa basi, wale waliokuwa wakikwama nyuma yake wakisonya. Gari la maiti lina adabu zake, naye alizishika zote kama alivyofundishwa siku ya kwanza na mwenye kampuni. Halipiti gari lingine. Halipigi honi, hata mbuzi akilala katikati ya njia. Unasubiri mbuzi atosheke. Indiketa zote mbili zinawaka tangu mlango wa mochwari hadi makaburini, ili msafara ujulikane. Na kiti cha mbele, kando ya dereva, hakikaliwi na mfiwa hata awe nani. Mfiwa akikaa pale atalia, dereva atamgeukia kwa huruma, na gari litaingia mtaroni na jeneza lake. Kwa hiyo Taratibu alikifanya kiti hicho kuwa cha kofia. Akiingia garini anavua kofia yake ya kazi, anaiweka pale, safari inaanza.

Kazi nzuri hiyo, asikudanganye mtu. Abiria wako hagombani nawe wala hakuambii ongeza mwendo. Shida ni walio hai. Kampuni ilimruhusu Taratibu kurudi nyumbani na pikapu ya ofisini, gari la kawaida kabisa, halijawahi kubeba hata jeneza tupu. Lakini nani wa kulipanda? Mvua inanyesha, jirani analoa chapachapa, Taratibu anasimama anamwambia panda nikusogeze, na jirani anajibu, "Asante mzee, leo nafanya mazoezi." Mazoezi! Kwenye mvua, na mfuko wa unga kichwani!

Mke wake tu ndiye aliyekuwa akipanda bila wasiwasi. Alikuwa mwanamke wa maneno. Alisema, "Sote tutapanda hilo jingine mwishowe. Mimi nazoea mapema, nisije nikaona haya." Na kweli siku ikafika, akalipanda. Kampuni ilitaka kumpa kazi hiyo dereva mwingine, lakini Taratibu akakataa katakata. Hakuna mtu, alisema, atakayempeleka mke wangu huku anakimbilia safari nyingine. Akaendesha mwenyewe. Binti yao, mtoto wao pekee, alikuja kwenye mlango wa mbele macho yamemvimba, akashika kitasa. Baba yake akamwambia bila hata kumtazama, "Kaa gari la nyuma, mwanangu, na wenzako."

Binti akaenda nyuma. Tangu siku hiyo hakukaa tena ndani ya gari moja na baba yake. Usidhani waligombana. Jumapili alikuja kumfulia mapazia, akamletea dawa zake za presha, wakacheka pamoja. Ila baba akisema ngoja nikupeleke, jibu lilikuwa lilelile: "Usijisumbue baba, nina basi." Miaka ikapita kwa mtindo huo. Jambo hilo lilimuuma Taratibu kuliko mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa hoi.

Ndiyo maana alipostaafu, akili yake ilienda kwenye gari. Kwa watu alisema, "Nataka gari ambalo mtu hawezi kulazwa ndani yake." Watu wakacheka, wakaona mzee ana mzaha. Ukweli wake, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba alitaka gari ambalo binti yake ataliona atake kulipanda mwenyewe. Gari lisilofanana kwa lolote na lile.

Dalali wa magari alikuwa nayo mawili kwenye yadi yake, yote mekundu, yote yametumika. La kwanza lilikuwa na paa la chuma kama magari yote, ila limelala chini na nyuma limechongoka, na ndani lina viti viwili vya mbele na kibenchi nyuma ambacho hata paka angekilalamikia. La pili lilikuwa na paa la turubai. Ukibonyeza kitufe turubai linajikunja lenyewe nyuma na gari linabaki kichwa wazi. Hilo halikuwa hata na kibenchi. Viti viwili, basi. Kwa kuwa majina yake ya kiwandani yaliwashinda ulimi, wakayaita la bati na la turubai.

"Hapa hakuna cha kufikiria," alisema shemeji yake, kaka wa marehemu, fundi wa gereji ambaye hata akienda harusini kucha zake zina grisi. "Wewe unataka gari la kila siku. Sokoni, zahanati, kwa binti. Chukua la bati. Jua likiwaka umejifungia na kiyoyozi chako. Vumbi likitimka, kioo juu. Hilo la turubai, mwizi hahitaji hata ufunguo, anakuja na wembe. Na siku kitufe kitakapogoma na mvua inakuja, shemeji, usinipigie simu mimi. Piga kwa fundi cherehani."

"Mzee, usimsikilize," dalali akaingilia. "La bati ni gari la kukimbia, na wewe hukimbii. La turubai ni la kuonekana. Umefichwa maisha yako yote, mzee wangu. Onekana kidogo!"

 Taratibu alizunguka yale magari, akainama kukagua matairi, akapapasa turubai kama mtu anayenunua shuka. Halafu akasema ataanza kujaribu la bati. Akafungua mlango, akavua kofia, maana kofia ya kazi kampuni ilimwachia na alikuwa akiivaa kila siku kukinga upara na jua. Akaiweka kwenye kiti cha pembeni. Dalali akaja upande ule, mkono kwenye kitasa.

"Kaa nyuma," Taratibu akamwambia.

Dalali akadhani hakusikia vizuri. "Nyuma wapi, mzee?"

"Hapo nyuma."

Biashara ni biashara. Mtu mzima, mwenye kitambi chake na tai yake, alijikunja akajipenyeza kwenye kile kibenchi, magoti yakafika kidevuni, kichwa kikagonga paa. Shemeji mtu alitazama yote hayo akiwa ameegemea nguzo ya yadi, na kicheko kilimpanda mpaka akashika mbavu.

Wakatoka barabarani. Sasa nikuulize, mzoea vya kunyonga ataweza vya kuchinja? Gari lina injini ya kunguruma kama simba, Taratibu akaliendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba trei ya mayai. Mkono wake, bila kumuuliza, ukawasha indiketa zote mbili. Gari lililokuwa nyuma likapunguza mwendo, na lenyewe likawasha zake. La tatu likafuata. Wakati wanafika kwenye mzunguko, nyuma yao kulikuwa na msafara mrefu wa magari yaliyojipanga kwa heshima, hakuna anayempita mwenzake. Kinyozi mmoja akatoka mlangoni pake na mashine mkononi, akasimama wima. Mzee aliyekuwa akivuka barabara akavua kofia na kuinamisha kichwa, na alipokiinua akaona dalali aliyekunjwa nyuma ya gari jekundu anamtumbulia macho kwenye kioo. Yule mzee alirudi alikotoka.

"Mzee," dalali akasema kwa sauti ya kubanwa, "nakuomba. Ongeza mwendo. Au zima taa. Au nishushe."

Waliporudi yadini, dalali alitoka kwa awamu, mguu kwanza, kisha kitambi, kisha heshima yake. Lakini Taratibu alikuwa ametulia sana. Lile gari lilimkaa. Ukifunga milango, kelele zote za mji zinabaki nje, unasikia pumzi yako tu. Kiti kilikuwa chini, kioo kilikuwa na giza kidogo. Alijiona yuko nyumbani, na alisema hivyohivyo, "Hili nalijua."

"Lazima ulijue," shemeji akasema. Alikuwa ameshaacha kucheka. "Umemweka mtu nyuma na kofia mbele. Siku ya dada yangu ulifanya hivihivi, shemeji. Sikusema, maana siku ile haikuwa ya kusema. Lakini nilimwona yule mtoto anarudi peke yake kutoka mlangoni kwako."

Taratibu akaichukua kofia yake, akaivaa, akaaga. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa akisalimiwa haitikii.

Kesho yake alikwenda saluni. Binti yake alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo pande mbili, viti vitatu vya plastiki, na drai mbili za kichwa zinazovuma kama mashine ya kusaga. Alimkuta anamfumua mtu nywele, kitana kimebanwa mdomoni. Mteja mwingine alikuwa chini ya drai, haoni wala hasikii. Taratibu akaketi kwenye kiti cha plastiki, kofia juu ya goti.

"Shikamoo baba. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Nimekuja kukuuliza. Nichukue la bati au la turubai?"

Binti akatoa kitana mdomoni. "Hilo ndilo lililokutoa nyumbani? Mjomba ameshanisimulia. Turubai ni la watu wenye upara kama wewe. Mimi natengeneza kichwa cha mtu kutwa nzima, halafu upepo uje uniharibie kazi barabarani? Chukua la bati."

"Ukichukuliwa wewe, ungependa lipi?"

"Mimi nina basi, baba."

Alilisema kama anavyolisema siku zote, kwa wepesi, macho kwenye nywele za mteja. Safari hii Taratibu hakuliacha lipite. Ilibidi apaze sauti, kwa ajili ya drai.

"Mwanangu, ni ile siku ya mama yako?"

Mikono ya binti ikasimama.

"Ile ni sheria ya kazi," baba akaendelea. "Mfiwa hakai mbele. Sikuitunga mimi."

"Sheria naijua. Nimekua nayo. Nilikuwa naijua kabla sijajua kusoma."

"Sasa kosa langu nini?"

"Kwani wewe hukuwa mfiwa?" Binti aligeuka, kitana mkononi, naye sasa alikuwa akipiga kelele kuishinda mashine. "Mfiwa hakai mbele, wewe ukakaa mbele! Mimi nikabanwa katikati ya majirani wananipigapiga mgongo, naona taa za gari lako tu. Nilikuwa nakutaka wewe! Na kiti kilikuwepo. Nilichungulia, nikaona kimekaliwa na nini. Kofia, baba. Kofia yako ikakaa mbele, mimi nikakaa nyuma!"

Katikati ya sentensi hiyo drai ilifika muda wake ikazima. Maneno ya mwisho yakabaki peke yake chumbani, kila mtu akayasikia, na mteja wa chini ya drai akaanza kukagua kucha zake kwa bidii ambayo kucha hazikuistahili. Taratibu aliitazama ile kofia gotini.  Akainuka, akasema tutaonana Jumapili, akatoka. Mlangoni aliivaa kofia, halafu akaivua, halafu akaenda nayo mkononi.

Lazima niseme, hapa wengi wangekwenda nyumbani wakalala wakazira. Yeye alikwenda yadini moja kwa moja, akaomba ufunguo wa la turubai.

Dalali alipoona hilo gari halina nyuma, alifurahi waziwazi. Akaketi mbele kama binadamu. Wakakunja turubai wakatoka, na Taratibu akagundua mambo yote aliyoambiwa na shemeji kuwa ni kweli. Jua lilimchoma upara. Vumbi lilimwingia mdomoni. Lori lilipita kando na moshi wake ukawa wao. Hakusikia pumzi yake, alisikia mji mzima: redio, mafundi wakigonga vyuma, mama mmoja akimfokea muuza nyanya. Na watu walimwona. Hilo hakulitegemea. Mama yuleyule aliacha kufoka akapaza sauti, "He! Taratibu! Umefufuka?" Na jirani yake wa mazoezi ya mvua, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha duka, alilitazama gari, akatazama ndani, akaona viti viwili na sakafu, hakuna kilichofunikwa wala kilicholala. Akapunga mkono.

"Unaona sasa?" dalali alisema.

"Naona vumbi," Taratibu akajibu. Lakini alilichukua.

Shemeji alipopata habari alitikisa kichwa mpaka akahofiwa. Umechagua gari la siku za sikukuu, alisema, ukaliita la kila siku. Mvua ya kwanza utanikumbuka. Taratibu akamjibu kwamba kukumbukana ndio undugu, akaomba amkagulie breki.

Asubuhi iliyofuata aliliosha, akalikunja turubai, akatoka. Hakwenda sokoni wala zahanati. Alikwenda kituo cha basi, pale ambapo binti yake husubiri basi la kwenda saluni kila siku. Watu walikuwa wengi, foleni imejikunja mpaka kwenye kibanda cha magazeti. Akamwona binti yake katikati, kapu la vifaa mkononi, anatazama upande basi linakotokea. Hakuwa amemwona baba yake.

Taratibu akasimamisha gari kando ya foleni. Kuita kwa sauti barabarani hakujawahi kukaa kinywani mwake, na hata akiita nani angemsikia? Mkono wake ukaenda katikati ya usukani ukabaki hapo kidogo. Halafu akabonyeza honi. Mtu asiyewahi kupiga honi hajui kipimo chake. Aliibonyeza ikapiga ikapiga, foleni nzima ikaruka, muuza magazeti akaangusha bidhaa. Binti akageuka.

Alimwona baba yake. Kisha macho yake yakashuka. Gari lilikuwa chini, halina paa, na yeye amesimama juu ya ukingo wa barabara. Aliuona mpaka mshono wa kiti cha pembeni. Na kiti kilikuwa na kofia. Taratibu alipoingia garini nyumbani mkono ulikuwa umeiweka palepale, kama ulivyoizoea, wala yeye hakujua.

Alifuata macho ya binti yake akaiona. Jamani, mazoea! Angekuwa kwenye la bati, na kile kioo chenye giza, asingejua mwanawe anatazama nini. Angemwona tu anageuza uso na kusema ana basi. Taratibu akaiokota kofia. Akatafuta pa kuitupa, gari halikuwa na nyuma. Akainua kiuno, akaiweka chini yake, akaikalia.

"Njoo mbele, mwanangu," akasema. Akarudia kwa nguvu, foleni yote ikisikiliza bila aibu. "Njoo ukae na mimi. Siku ile ningekuita. Nilikuwa naogopa nikikutazama sitafika. Nilikosea, mama. Njoo."

Binti hakusogea. Nyuma yake mwanamke mmoja, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Dada, kama huendi, nakwenda mimi."

"Na nywele zangu?" binti akauliza. 

"Zitaharibika," baba akasema. "Hilo sikufichi."

Binti akafungua kapu, akatoa kitambaa, akajifunga kichwa kwa kukaza. Kisha akazunguka gari akafungua mlango wa mbele, akaketi, akalipakata kapu lake magotini.

Wakaondoka polepole. Walipofika kwenye mzunguko binti akatazama kioo cha pembeni, akaona magari yamejipanga nyuma yao kwa adabu, na katikati yao basi lake limejaa watu.

"Baba, zima indiketa. Leo hatumziki mtu."

Taratibu akazizima. Binti alikuwa akicheka alipoyasema hayo, lakini kicheko kikamgeuka njiani, akaanza kulia, kilio kile cha siku ile, na hakukificha. Baba yake akamgeukia akamtazama, akamtazama sana, kama alivyokatazwa tangu siku yake ya kwanza kazini. Gari halikuingia mtaroni.